Mwongozo wa Gemu: Ufunuliwe Kiasi Gani, na Wakati Gani

Mwongozo wa gemu ni maelezo ya hatua kwa hatua yanayomtoa mchezaji mwanzo na kumfikisha mwisho: aingie mlango upi, achukue kitu gani, amjibu nini mlinzi, ampige wapi adui mkubwa. Kidokezo ni kitu kingine. Hutoa sehemu ya jibu na kumwachia mchezaji kazi iliyobaki. Ubishi kuhusu uhalali wa kutumia mwongozo huvichanganya viwili hivi, ndiyo maana hauishi. Anayesoma jibu zima la fumbo alilolitazama kwa dakika tano hafanyi jambo moja na anayetaka kujua tu chumba cha kuchunguza. Kabla ya kuuliza kama mwongozo unafaa, yafaa kuuliza mchezaji amekwama kwa sababu gani, na jibu kiasi gani litatosha kumkwamua.

Vijitabu vya wino usioonekana

Swali la kiasi lilipata ufumbuzi wa kiufundi mapema. Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979 na watu wa chuo cha MIT, ilitengeneza gemu za maandishi matupu. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika amri kwenye kibodi, kisha akasoma matokeo. Zork, iliyotoka kwa ajili ya kompyuta ndogo mwaka 1980, ilijaa mafumbo, na waliokwama waliandika barua kuomba msaada. Mike Dornbrook, aliyeanzisha kikundi cha watumiaji wa Zork, alizijibu barua hizo moja moja. Wateja walipoongezeka, kazi hiyo ilimzidi mtu mmoja.

Hapo ndipo vilipozaliwa vijitabu vya InvisiClues. Kila ukurasa ulikuwa na maswali yaliyochapishwa kwa wino wa kawaida, na chini ya kila swali palikuwa na nafasi zilizoonekana tupu. Majibu yalichapishwa humo kwa wino usioonekana. Mchezaji alipitisha kalamu maalumu juu ya nafasi moja, maneno yakajitokeza.

Ubunifu wenyewe haukuwa katika wino bali katika mpangilio. Kwanza, majibu yalipangwa kwa ngazi: la kwanza liligusia tu, lililofuata likasogea karibu, la mwisho likasema kila kitu. Pili, maswali yaligawanywa kufuata sehemu za ulimwengu wa gemu, hivyo mchezaji hakulazimika kupita katika siri za mahali ambapo hajafika. Tatu, maswali mengine yalikuwa ya uongo kabisa, yakihusu vitu au matukio yasiyokuwemo kwenye gemu. Kwa kuwa swali nalo huvujisha habari, kuyachanganya ya kweli na ya uongo kulimzuia msomaji kujua yajayo kwa kupitisha macho tu. Nne, kalamu ilidai kitendo. Kila ngazi ilihitaji uamuzi mpya, na kati ya uamuzi mmoja na mwingine palikuwa na nafasi ya kurudi kwenye kibodi na kujaribu tena.

Mpangilio huo uliishi kuliko wino. Kuanzia mwaka 1987 Infocom iliviweka vidokezo vya ngazi ndani ya gemu zenyewe, ikiwemo toleo jipya la Zork, na mchezaji asiyejiamini aliweza kuandika amri ya kuvifunga kwa muda wote wa kikao chake. Mwaka 1988 programu ya Universal Hint System ililichukua wazo hilohilo na kulitumia kwa gemu za kampuni yoyote: swali huchaguliwa, kidokezo cha kwanza hutokea, na cha pili hakionekani mpaka kiombwe.

Samaki wa Babel: mkwamo wa aina mbili

Fumbo moja la Infocom laonyesha vizuri kazi ya ngazi hizo. Mwaka 1984 mwandishi Mwingereza Douglas Adams na Steve Meretzky walitoa gemu iliyotokana na The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Ndani yake kuna mashine inayotema samaki wa Babel, ambaye mchezaji anamhitaji sikioni ili aelewe lugha za sayari nyingine. Kitufe kikibonyezwa, samaki hurushwa na kupotelea kwenye tundu la ukutani. Tundu likizibwa kwa joho lililotundikwa, samaki huteleza hadi kwenye shimo la maji machafu sakafuni. Shimo likifunikwa kwa taulo, roboti la usafi hutoka kwenye kidirisha chini ya ukuta na kumnyakua. Kidirisha kikizibwa kwa mkoba, samaki hurushwa juu na kudakwa na roboti jingine linalopaa. Kinachobaki ni kuweka rundo la barua za matangazo juu ya mkoba, ili roboti hilo lishughulike na karatasi zinazotawanyika, na samaki atue sikioni.

Fumbo hili ni gumu lakini haki inatendeka kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kila jaribio linaloshindwa huonyesha kizuizi kinachofuata. Mchezaji aliyekwama kwenye taulo ana kila anachohitaji mbele yake. Anachokosa ni wazo. Kwake kidokezo cha kwanza chaweza kuwa: tazama samaki alipoishia. Cha pili: kuna njia ya kumzuia asifike hapo? Cha tatu kitaje taulo. Wengi watatosheka na cha kwanza.

Barua za matangazo ni habari nyingine. Zipo nyumbani kwa mhusika mwanzoni mwa gemu, na baada ya hapo dunia hubomolewa, nyumba ikiwemo. Aliyeondoka bila kuzichukua hawezi kulimaliza fumbo hata afikiri mwezi mzima, na gemu haimwambii hivyo. Hapa kidokezo hakipunguzi raha ya kufikiri, maana hakuna cha kufikiriwa. Mkwamo wa kwanza ni wa akili na hutatuliwa na akili. Wa pili ni wa muundo, na hutatuliwa na taarifa kutoka nje. Ugumu ni kwamba aliye ndani ya gemu huiona miwili hiyo kuwa ni mmoja.

Pale mwongozo unapohitajika

Mikwamo ya muundo ilikuwa mingi katika gemu za miaka ya 1980 na 1990. Katika King's Quest ya mwaka 1984, mchezaji hutakiwa kubashiri jina la mzee mmoja. Kikaratasi kinachopatikana ndani ya gemu hushauri kufikiri kinyumenyume. Mwenye kulijua jina la Rumplestiltskin kutoka hadithi za Ulaya huliandika kuanzia mwisho, na hukosea, kwa sababu kilichotakiwa kugeuzwa ni alfabeti nzima: A iwe Z, B iwe Y, na kuendelea. Katika Castlevania II ya mwaka 1987, mchezaji hupaswa kupiga magoti mbele ya jabali akiwa ameshika fuwele nyekundu na kusubiri kimbunga kimchukue, na dokezo la mwanakijiji katika tafsiri ya Kiingereza lilivurugika kiasi cha kupotosha. Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 humtaka mchezaji atengeneze masharubu ya bandia kwa manyoya ya paka ili akodi pikipiki kwa jina la mtu mwingine. Katika mafumbo kama haya, uzi wa mantiki kati ya tatizo na jibu ni mwembamba au umekatika. Kuendelea kubuni ni kupoteza muda, na jibu kamili halimnyang'anyi mchezaji kitu alichoweza kukipata mwenyewe.

Kundi jingine ni la vitu vinavyopotea moja kwa moja. Toleo la kwanza la Final Fantasy XII, la mwaka 2006, lilikuwa na mkuki wenye nguvu, Zodiac Spear, uliopatikana kwa uhakika tu kwa mchezaji ambaye hakufungua masanduku fulani manne njiani. Gemu haikumwonya popote. Anayetaka kukusanya kila kitu katika gemu ya saa nyingi namna hiyo hana budi kupata orodha ya mambo yasiyorudiwa, na orodha hiyo inaweza kutolewa bila kugusa hadithi.

Pale mwongozo unapoua gemu

Upande wa pili kuna gemu ambazo maarifa ndiyo mali pekee ndani yake. Outer Wilds ya mwaka 2019 hurudia dakika 22 zilezile za maisha ya mfumo mmoja wa jua. Mhusika haongezewi nguvu wala silaha kadiri muda unavyokwenda. Kinachoongezeka ni yale anayoyajua mchezaji, ambayo kompyuta ya chombo chake huyahifadhi. Mwenye kujua kila kitu anaweza kuumaliza mchezo ndani ya mzunguko mmoja. Kusoma mwongozo wake ni sawa na kuicheza gemu yote bila kuicheza, na alichokisoma mtu hakifutiki ili aanze upya.

Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018 ina hali hiyohiyo. Mchezaji hupewa meli na watu 60, naye hupaswa kueleza kila mmoja alikuwa nani na yalimpata yapi. Mtunzi wake, Lucas Pope, alijua kuwa watu watabahatisha, hivyo gemu huthibitisha majibu pale tu yanapokuwa sahihi matatu kwa pamoja. Orodha ya majina kutoka nje huuvunja ukuta huo wote. Kwa gemu za aina hii, msaada unaostahimilika ni ule unaoelekeza macho: sehemu gani haijachunguzwa vya kutosha, kitu gani kimepitwa. Na hata huo uje mwishoni.

Bei ya jibu

Watunzi wengine wameamua kuuweka msaada ndani ya gemu na kuutoza bei. Katika Professor Layton and the Curious Village ya mwaka 2007, kila kidokezo hununuliwa kwa sarafu ambazo mchezaji huzitafuta mandharini, na kila fumbo lina vidokezo vitatu. Kanuni hiyo si ngeni kwa wategaji wa vitendawili: anayeshindwa kutegua hudaiwa mji, na mpaka autoe, jibu halitoki. Katika hali zote mbili bei ni ndogo, ila inatosha kumfanya mtu ajiulize kama kweli ameshindwa.

New Super Mario Bros. Wii ya mwaka 2009 ilihamishia utaratibu huo kwenye ustadi wa mikono. Mchezaji akipoteza maisha mara nane katika hatua moja, kisanduku cha kijani hujitokeza. Akikigonga, mhusika aitwaye Luigi huivuka hatua hiyo mbele ya macho yake, naye anaweza kushika usukani wakati wowote. Hapa tatizo si kutojua pa kwenda bali ni kuruka kwa wakati sahihi, jambo ambalo maelezo ya maandishi hayalifundishi vizuri.

Maandishi au video

Aina ya mkwamo ndiyo inayoamua pia umbo la msaada. Miongozo ya maandishi iliyokusanywa na tovuti ya GameFAQs tangu mwaka 1995 ilikuwa na yaliyomo mwanzoni, na waandishi wengi waliweka alama fupi za kutafutia kando ya kila kichwa. Msomaji aliandika alama hiyo, akatua kwenye aya anayoitaka, akaondoka. Video humwonyesha mchezaji mkono unavyofanya kazi, hivyo inafaa kwa adui mgumu au mruko wa hatari. Kwa fumbo video haifai sana: haina ngazi, na anayetafuta sekunde kumi za msaada huona pia chumba kinachofuata na kilichomo.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa huanza na kuutambua mkwamo. Ikiwa kila jaribio jipya bado linaleta habari, mchezaji hajakwama bado, na mwongozo usubiri. Ikiwa majaribio yamekwisha na hakuna kinachobadilika, vidokezo vya ngazi vitangulie, na kusoma kukome kwenye ngazi ya kwanza inayozaa wazo jipya. Ikiwa vidokezo vinaashiria kitu kilichoachwa nyuma au mantiki isiyofikika, jibu kamili lisomwe bila kusita, kwa fumbo hilo moja tu. Mwongozo mzima una nafasi yake baada ya gemu kumalizika, pale unapomwonyesha mchezaji njia alizoziacha, na kwa mwenye muda mchache aliyeifuata gemu kwa ajili ya hadithi, asiyejali mafumbo.