Mkia wa Akrabu: Namna Uso wa Saa Unavyosomeka Unguja

Saa ya ukutani katika duka la Darajani husomeka kwa namna mbili bila kuguswa. Asubuhi akrabu fupi ikisimama kwenye 9, Mzanzibari anasema saa tatu, kwani jicho lake limekwenda ng'ambo ya pili ya uso, pale ambapo mkia wa akrabu ungefika kama ungerefushwa. Akrabu ndefu haimsumbui, dakika ni zile zile. Wepesi huo tumeurithi kwa mafundi wa Ulaya waliokuwa wakitatua shida zao wenyewe.

Saa za mwanzo za minara ya Ulaya hazikuwa na uso wa aina moja. Waitalia walihesabu saa 24 kuanzia machweo, kama sisi tunavyoianza siku kwa magharibi na kuuita usiku wa Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa. Uso uliochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443 katika kanisa kuu la Florence ungalipo: tarakimu 24, akrabu moja tu, nayo inazunguka kinyume na tulivyozoea. Kengele ndiyo iliyoleta taabu. Kugonga kutoka 1 hadi 24 ni mapigo 300 kwa siku. Ukihesabu 12 mara mbili, yanashuka hadi 156, na anayesikiliza hapotezi hesabu. Hatimaye uso wa 12 ukashinda.

Ushindi huo ndio uliotufaa. Kwenye uso wa 24, tofauti ya saa sita kati ya hesabu yetu na ya mgeni ni robo duara, na lazima ukumbuke uhesabu kwenda kulia au kushoto. Kwenye uso wa 12 ni nusu duara, na ukipita upande wowote utafika pale pale.

Akrabu ya dakika ilichelewa kwa sababu haikuwa na kazi. Saa iliyoweza kukosea robo saa kwa siku ingeonyesha dakika za uongo. Christiaan Huygens alipotengeneza saa ya timazi mwaka 1656, kosa lilipungua hadi chini ya dakika moja kwa siku. Ndipo duara la vituo 60 likachorwa pembezoni, na alama za robo saa zilizokuwa ndani zikafifia polepole hadi zikatoweka.

Lakini dakika zilipoaminika, jua nalo likaonekana halitulii. Florence machweo ya Juni na ya Desemba yanapishana kwa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo saa ya kuanzia machweo ilihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Unguja, nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na robo mwezi Mei, na mwishoni mwa Januari hukaribia saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Ni kama nusu saa tu, na kwa siku moja machweo hayasogei zaidi ya kama nusu dakika. Hesabu ya machweo iliyowachosha Waitalia ilipata kwetu mahali panapoifaa. Hata hivyo saa zetu za leo hufuata longitudo ya 45 mashariki, nasi tuko kwenye 39, kwa hiyo jua la utosi huchelewa wastani wa dakika 23. Ndiyo maana magharibi haiingii saa kumi na mbili kamili hata siku moja ya mwaka.

Mnara wa saa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka uliofuata mnara mwingine ukaunganishwa na jumba lenyewe, nao ukaanguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Ukijengwa upya, naomba usiwekewe tarakimu za umeme. Tarakimu hizo humlazimisha mtu ajumlishe au atoe sita kila anapoinua macho. Uwekewe uso wa 12, na akrabu ya saa iwe na mkia mrefu unaofika kwenye tarakimu, ili atokaye Forodhani aisome saa yake kwenye mkia na mgeni aisome yake kwenye ncha.