Fundi Asiyeamini Kijani

Masika yakiingia Bonde la Kilombero, radi huanza kuchagua vifaa vya kuunguza, na hapo ndipo fundi wa mitandao wa Ifakara anapojulikana. Nilimkuta mmoja, mtu mzima, akisoma skripti fupi aliyoachiwa na vijana waliomtangulia ofisini. Kazi ya skripti hiyo ni kuziita seva moja moja kwa amri ya ping na kuonyesha ipi iko hewani. Skrini nzima ilikuwa kijani. Lakini seva mojawapo alikuwa ameichomoa mwenyewe kwa kuhofia radi. Waya wake ulikuwa mkononi mwake.

Hakufoka, wala hakuifuta skripti aanze upya. Aliiita seva ile kwa mkono, akasoma jibu neno kwa neno. Jibu lilikuja kweli, ila aliyejibu ni ruta, ikiarifu kwamba mwenye anwani hafikiki. Windows hulihesabu hilo nalo kuwa jibu, ikarudisha sifuri, alama ya mafanikio, na skripti ikaridhika. Ni kama kubisha hodi, jirani akakwambia wenyewe hawapo, nawe ukaandika kwamba umewakuta. Akarekebisha mstari mmoja: jibu lisilo na herufi TTL, ambazo jibu la seva yenyewe huja nazo, lihesabiwe kuwa si jibu.

Nilichokipenda ni kilichofuata. Alichomeka waya, akasubiri kijani, akauchomoa, akasubiri nyekundu, kisha akarudia. Wengi wangeishia kwenye kijani.

Mmarekani Mike Muuss aliiandika ping Desemba 1983, akisaka hitilafu ya mtandao kazini kwake. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Inauliza swali dogo sana, na ndiyo maana jibu lake linataka msomaji makini. Ifakara yenyewe si mgeni wa umakini huo: maabara ya Waswisi ilifunguliwa hapa 1957, ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wamewahesabu mbu wa bonde hili kwa subira ya ajabu.

Siku hizi skripti inanakiliwa ilivyo, ikiwaka kijani watu wanakwenda kunywa chai. Hakuna anayeuliza nani kajibu. Wazee wa kazi hii wanastaafu bila kuachiwa kijana wa kumfundisha, na ofisi, badala ya kuajiri mrithi, zinanunua programu nyingine yenye rangi nyingi zaidi.