Nani Hao “Watu”? Usawiri wa Tabaka la Wakulima katika Filamu ya The Grapes of Wrath

Filamu ya The Grapes of Wrath (1940), iliyoelekezwa na John Ford kutokana na riwaya ya John Steinbeck ya 1939, aghalabu hutajwa kuwa kilele cha usawiri wa mgogoro wa kitabaka mashambani katika sinema ya Marekani. Sifa hiyo haikutolewa bure. Tukio la kufurushwa kwa Muley linaufafanua ubepari kwa ufasaha usiopatikana katika vitabu vingi vya nadharia: anayeendesha trekta ni kijana wa jirani anayelipwa dola 3 kwa siku, nyuma yake ipo kampuni, nyuma ya kampuni ipo benki, na mkulima mwenye bunduki hamwoni wa kumpiga risasi.

Lakini ni nani wanaohesabiwa katika tabaka hilo? Muley anadai ardhi kwa hoja kwamba babu yake aliitwaa miaka 70 iliyotangulia, na kwamba jamaa zake wamezaliwa na kufia hapo. Katika riwaya, wakulima wanaotoa dai hilohilo wanakiri kuwa babu aliwaua na kuwafukuza wenyeji wa asili. Filamu imelihifadhi dai la urithi na kuifuta damu iliyolizaa. Ufutaji huu ni mzito zaidi kwa kuwa mandhari ni Oklahoma, eneo walikopelekwa kwa nguvu Wacherokee na mataifa mengine katika karne ya 19, kabla ya sehemu yake kufunguliwa mwaka 1889 kwa walowezi, neno ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa.

Ufutaji wa pili unatokea California. Sura ya 19 ya riwaya inaeleza jinsi ardhi ilivyoporwa kutoka kwa Wameksiko, kisha wakaletwa Wachina, Wajapani, Wameksiko na Wafilipino kuilima kwa ujira wa kitumwa. Nunnally Johnson, aliyeandika mswada wa filamu, hakuyachukua maelezo hayo. Yaweza kutetewa kwamba kamera huhitaji familia moja ya kufuata, na sura za kati za riwaya hazina familia. Utetezi huo hautoshi. Tukio la mkahawani, ambapo watoto wanauziwa peremende kwa bei ya huruma, limetoka katika mojawapo ya sura hizo, likakabidhiwa ukoo wa Joad bila taabu. Kilichowezekana kwa peremende kingewezekana kwa historia ya ardhi.

Matokeo yake ni kwamba hakuna Mmeksiko wala Mfilipino mwenye usemi katika filamu, ilhali mgomo mkubwa wa wachuma pamba wa 1933 katika bonde la San Joaquin uliendeshwa hasa na Wameksiko, na mwaka uliofuata Wafilipino waligoma katika mashamba ya saladi ya Salinas, mji alikozaliwa Steinbeck. Mwandishi naye hana kinga: makala yake ya gazetini ya 1936 yaliwaombea wahamiaji huruma kwa msingi kwamba hawa, tofauti na waliowatangulia, walikuwa Wamarekani weupe. Filamu iliukuza mwelekeo uliokwishakuwamo.

Anayenufaika kisanaa ni Mama Joad, aliyeigizwa na Jane Darwell. Ndiye nguzo ya ukoo, na usemi wa mwisho ni wake, baada ya filamu kuuacha mwisho wa riwaya ambapo Rose of Sharon anamnyonyesha mtu mgeni anayekufa njaa. Tendo lililovuka mpaka wa ukoo limepisha tamko: kwamba wao ndio watu, na hawatatoweka.

Tamko hilo linamtatiza mfasiri wa Kiswahili. Akisema “wananchi”, atakuwa mwaminifu kwa filamu, na atakuwa amewafungia nje Wameksiko, ambao laki kadhaa kati yao, wakiwamo raia wazaliwa wa Marekani, walisukumwa kuvuka mpaka katika muongo huohuo. Akisema “watu” tu, atakuwa amempa Mama Joad ukarimu ambao Ford hakumpa.