Hadithi ya kapiteni na meli moja: ile haitusemei

Wandugu, kuna hadithi moja ambayo makocha wa mafanikio wanaipenda sana. Gianluigi Aponte, kapiteni Muitalia, alinunua meli moja ya zamani, Patricia, mwaka 1970. Leo familia yake iko na MSC, kampuni ya kontena inayopita zote duniani, pamoja na meli za watalii zaidi ya 20. Kisha wanatuambia: « Na wewe, anza na kidogo. »

Sisemi ni uongo. Lakini mimi nilisomea kilimo. Mtu akinionyesha mavuno tu, nitamuuliza juu ya udongo, mbegu na wale waliolima.

Ya kwanza ni makuta. Meli hainunuliwi na bidii peke yake. Ya pili Aponte aliiita Rafaela, jina la bibi yake, binti wa mtu wa banki wa Geneva. Hadithi inapenda kusimulia namna walikutana kwenye meli ya kwenda Capri. Haisimamii sana kwenye jambo lingine: kujuana na watu wa banki, ile nayo ni mtaji.

Ya pili ni mizigo. Meli zile za kwanza zilifanya njia ya Mediterania na Somalia. Watalii walikuja nyuma, mwisho wa miaka ya 1980, wakati MSC ilinunua kampuni ya Lauro. Meli yake kubwa, Achille Lauro, iliungua mwaka 1994 mbele ya pwani ya Somalia na ikazama. Meli ya kwanza ya watalii iliyojengwa mpya kwa ajili yao, MSC Lirica, ilitoka Saint-Nazaire, Ufaransa, mwaka 2003. Hesabu: miaka 33 tangu Patricia. Wakati ule wote, kontena ndiyo ilikuwa shamba, na utalii ni mti uliopandwa juu ya udongo uliokwisha kutengenezwa.

Sasa angalia mwaka 2022. Saint-Nazaire inawatolea MSC World Europa, yenye kubeba abiria zaidi ya 6.700. Mwaka ule ule, familia inalipa euro miliari 5,7 kwa kununua shuguli za Bolloré za bandari na usafirishaji katika Afrika, hata zile za hapa kwetu Kongo. Picha za meli yenye mabwawa ya kuogelea zilienea kila mahali. Ile habari ya pili, nani kati yetu aliijadili? Hata hivyo, ndiyo inatugusa: mfuko wa mbolea unaofika shambani unabeba ndani yake bei ya kontena, ya bandari na ya lori.

Ndiyo lawama yangu. Katika hadithi hii Afrika ni mahali pa kuanzia tu, kisha inapotea, wakati katika hesabu za kampuni haikupotea hata siku moja.

Na hasara inatufikia sisi. Mwenzetu anafungua shamba la kuku bila mkopo, kuku wanakufa, anafunga. Tunamwambia hakuwa na ndoto kubwa. Hapana. Ndoto alikuwa nayo. Alikosa banki, alikosa mtu wa kumngojea miaka.

Siku nyingine wakikutumia hadithi kama hii, usiulize tu alianza na meli ngapi. Uliza nani alimkopesha, na ni mizigo ya nani ilimlipa.