"Tatu juu ya nne": lugha ya kujumlisha na kutoa sehemu

Mtoto wa Lutindi, milimani Usambara katika wilaya ya Korogwe, aghalabu huja shuleni na Kisambaa au Kizigua cha nyumbani, akafundishwa hesabu kwa Kiswahili. Afikapo kwenye sehemu huweza kuandika kwamba nusu na theluthi ni mbili juu ya tano: amejumlisha ya juu kwa ya juu, na ya chini kwa ya chini. Kosa hili si la Lutindi peke yake. Watoto wa Uingereza na Marekani nao hulifanya kwa lugha yao. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba namna tunavyozoea kuzisoma sehemu darasani yalilea kosa hili, ilhali Kiswahili chenyewe kina dawa yake.

Mwalimu asemapo "tatu juu ya nne", ametaja namba mbili zenye cheo kimoja, na maneno "juu ya" yatueleza tu mahali zilipoandikwa ubaoni. Mtoto aliyeambiwa ajumlishe "moja juu ya nne" na "mbili juu ya nne" hana budi kuvutwa na "tatu juu ya nane". Lakini asemapo "robo tatu", sarufi imebadilika. Robo ni jina, nalo huhesabiwa kama chungwa au yai. Tatu ni kivumishi cha idadi. Robo moja na robo mbili ni robo tatu, na hapana mlango ambao nane ingeingilia.

Istilahi za vitabu vyetu vya shule, yaani kiasi kwa namba ya juu na asili kwa ya chini, zina busara kuliko inavyodhaniwa: kiasi ni hesabu ya vipande, asili ni mgawanyo vilikotoka. Ubaoni, ole wake, hugeuka majina matupu ya ghorofa mbili.

Waliopima nafaka kwa pishi walijua kutafuta asili moja bila ya kuitaja. Pishi ni visaga viwili, na kisaga ni vibaba viwili. Kisaga na kibaba havihesabiki pamoja mpaka kisaga kivunjwe. Ndipo tupatapo vibaba vitatu, yaani robo tatu ya pishi. Elimu ya mirathi ya Kiislamu imekwenda mbali zaidi. Mtu akifa akiacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni na mama sudusi. Hizo hazijumlishiki mpaka mali igawanywe mafungu 24: mke 3, mama 4, jumla 7, na mtoto hubakiwa na 17. Kwa Kiarabu hiyo 24 huitwa kwa neno lile lile lililotupa sisi "asili".

Nitajibiwa kwamba mfululizo wa theluthi, robo, humusi na sudusi ni wa Kiarabu, tena wakoma kwenye ushuri, yaani moja ya kumi. Ni kweli. Na maneno hayo huhama: thumuni ni moja ya nane, lakini sarafu ya senti 50, iliyo nusu ya shilingi, nayo iliitwa thumuni. Aliyeishika sarafu hiyo alipewa jina la kipande bila kuambiwa ni kipande cha kitu gani. Kwa hiyo sidai kwamba subui na tusui zifufuliwe. Kinachotufaa ni sarufi ya "robo tatu", wala si msamiati wake.

Sarufi hiyo twaweza kuipata kwa maneno ya kila siku: vipande vitatu vya sita. Neno "sehemu" lina udhaifu wake, kwani "sehemu ya sita" yaweza kuwa ile ifuatayo ya tano, na hata "kipande cha sita" hakiepuki utata huo; bali wingi huuondoa, na upatanisho wa ngeli, ambao mwana wa Kisambaa au Kizigua anao tangu nyumbani, hushika hesabu isipotee. Nusu ni vipande vitatu vya sita, theluthi ni viwili. Ukivijumlisha ni vitano vya sita. Ukitoa theluthi katika nusu, chasalia kimoja.