Brashi Isiyoinuliwa: Vanishi Juu ya Ubao wa Vidole wa Gitaa

Gitaa la libuyu, jina ambalo wafanyabiashara wa mbao wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huziitia mbao nyekundu za jamii ya mahogani, huharibiwa katika dakika ya mwisho kabisa, pale fundi aliyekwisha kupaka vanishi mwili na shingo asipoinua brashi, akaendelea nayo hadi kwenye ubao wa vidole, yaani ule ukanda wa mbao uliopigiliwa freti, vijichuma vinavyogawa sauti, ambao juu yake nyuzi hukandamizwa. Kazi iliyotangulia, kuanzia kiungo cha shingo hadi vipimo vya freti, mara nyingi haina dosari.

Vanishi, au verni, ni utando unaokaa juu ya mbao badala ya kuzama ndani yake, na ile ya samani imetungwa kwa ajili ya meza, kitu kinachofutwa kwa kitambaa na kuachwa kitulie, ilhali ubao wa vidole husuguliwa na nyuzi za chuma na kulowa jasho kila siku gitaa linapopigwa. Ikipakwa baada ya freti kupigiliwa, hujikusanya katika pembe za kila freti na kupunguza kimo chake, kisha fundi hulazimika kukwangua migongo ya freti hizo, na kila anapokwangua huacha ukingo uliokatika ambamo jasho hupenya. Libuyu nayo ni laini mno ikilinganishwa na mpingo, na utando mgumu uliolazwa juu ya mbao inayobonyea hupatwa na yale yanayolipata ganda la yai: hupasuka, kwanza katika freti tatu za mwanzo, ambako wapigaji wa kwaya hushika akodi zao nyingi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na uchafu mweusi ukishaingia chini ya utando haufutiki tena. Kupatengeneza mahali hapo vizuri kunadai kung'oa freti, kukwangua utando wote na kuanza upya, gharama ambayo mnunuzi hakuambiwa alipovutiwa na mng'ao. Mbaya zaidi ni dawa nyeusi ya viatu inayotangulizwa chini ya vanishi ili libuyu ionekane mpingo, udanganyifu ambao safu hii haitachoka kuukemea.

Wanaotetea vanishi humtaja Leo Fender, mtengenezaji wa gitaa wa Marekani, nao humtaja nusu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1950 gitaa zake za umeme zilikuwa na ubao wa mepo, mti mweupe wa Amerika ya Kaskazini, uliofunikwa kwa laka, utando mwembamba unaokauka kwa kuvukiza kiyeyushi, kwa sababu mepo tupu huchafuka upesi. Laka hiyo ilichakaa chini ya vidole, na mwaka 1958, kwa gitaa la Jazzmaster, Fender aligeukia palisandri, mti wa jamii moja na mpingo, akauacha bila laka. Huyo ndiye fundi wa kuigwa, kwani alipoona utando unashindwa alibadili mbao. Kampuni ya CBS, iliyomiliki kampuni ya Fender tangu mwaka 1965, ilileta mwishoni mwa muongo huo utando mnene wa poliesta, na mafundi wa leo wameurithi huo badala ya busara ya 1958. Mwenda wa Bayeke, mpigaji gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, alilitikisa bara kwa gitaa lisilo na umeme, na hakuna anayemkumbuka kwa mng'ao wa mbao.

Ubao mgumu zaidi ungefaa, lakini malori yaliyojaa mbao nzuri huvuka mpaka wa Kasindi kuelekea Uganda na Kenya, na fundi wa hapa huchagua katika masalia. Muvula, ambao pwani huitwa mvule, ni mbadala wa libuyu, ingawa una kemikali za asili zinazochelewesha ukaukaji wa mafuta, hivyo hudai subira.

Kwa mbao zote hizo, kinachofaa ni mafuta yanayokauka, hasa ya mbegu za kitani, yanayopakwa kwa tambara, kusuguliwa kwa msasa laini ili unga wa mbao uzibe vinyweleo, kufutwa kabla hayajanata, na kurudiwa yakisha kukauka. Mafuta ya mawese, ingawa yanapatikana kila soko la Beni, hayafai: namba ya iodini, kipimo cha uwezo wa mafuta kugeuka utomvu mgumu, huwa karibu 50 kwa mawese na zaidi ya 170 kwa kitani, ndiyo maana mawese hubaki yakinata na kuchacha. Mafuta yakichakaa penye freti ya tatu, mpigaji mwenyewe hulegeza nyuzi na kupaka tena jioni moja, mradi tambara lililotumika litandazwe nje au lilowekwe majini, kwa kuwa mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na tambara lililofinyangwa huweza kujiwasha lenyewe katikati ya maranda.