Pongezi kwa Wenye Vitalu vya Miche

Mwenye kitalu huwa amechuchumaa. Anachanganya udongo wa juu, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na mchanga kidogo, anajaza kiriba, anashindilia kwa kidole gumba, kisha anakipanga chini ya kichanja cha nyasi. Chupa za maji alizookota barabarani amezikata, nazo zimekuwa viriba. Wadudu wakivamia, anatwanga majani ya mwarobaini, anayaloweka usiku kucha, anachuja na kunyunyizia.

Naiheshimu sana kazi hii kwa sababu sisi wa Shinyanga tunajua mkoa wetu ulikotoka. Miti ilifyekwa kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Vitalu vikaanzishwa, na Wasukuma wakazifufua ngitili, yale malisho ya akiba ya mababu zao. Mwaka 2002 juhudi hizo zilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Huko Geita, kwenye machimbo, mzigo wa kurudisha miti ni mzito zaidi. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, huhitaji matimba lisibomoke, na matimba ni miti. Anayeotesha miche huko namshukuru mara mbili.

Mwaka jana nilikwenda kitaluni nikachagua mche wa mwembe wa kupandikizwa. Kabla ya kupokea pesa, muuzaji aliniuliza maji nitayatoa wapi.

"Mvua haijashika, mama. Uache hapa kwanza, nikumwagilie."

Niliufuata Desemba, ukiwa na majani mapya manne.